Masafa ya Wote: VHF kutoka Geneva hadi Mkondo wa Pemba

Gari lililotumika likishushwa kutoka Japani katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, karibu kila kitu chake huwa kinakubaliana na barabara zetu. Usukani uko kulia, maana Wajapani nao hushika kushoto. Injini inafahamika kwa kila fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Grogan, Nairobi. Kinachogoma ni redio. Mwenye gari wa Kampala ataipata Sanyu FM kwenye 88.2 bila taabu, lakini akiitafuta Capital kwenye 91.3 namba zinafika 90 kisha zinarudi 76. Aliyeko Nairobi hataiona kabisa Capital FM ya 98.4. Hapo ndipo fundi wa redio za magari anapomuuzia kiboksi kidogo cha kufungwa kwenye waya wa antena. Mafundi wengi hukiita ekspanda.

Kiboksi hicho hupokea masafa ya juu na kuyateremsha kwa kiasi maalumu kabla hayajaingia redioni. Kama kinateremsha kwa 18 MHz, kituo cha 94.0 kitaonekana kwenye kioo kama 76.0, na cha 108.0 kama 90.0. Vituo vilivyo kati ya 90 na 94 vitabaki kimya, na namba anayoitaja mtangazaji kila baada ya wimbo haitalingana na ile iliyo mbele ya dereva. Redio yenyewe ni nzima. Iliundwa kwa ajili ya nchi iliyowapa watangazaji wa FM masafa ya 76 hadi 90 MHz, kwa kuwa 90 hadi 108 yalikuwa yameshikwa na chaneli tatu za kwanza za televisheni. Televisheni ya analojia ilipozimwa huko, mwaka 2011 katika sehemu kubwa ya nchi na 2012 katika majimbo matatu yaliyopigwa na tetemeko, redio ziliruhusiwa kupanda hadi 95. Magari yaliyokwisha kuundwa hayakupata habari hizo.

Hakuna sheria ya maumbile inayosema FM iishie 90 au 108. Mpaka huo ni mapatano ya watu, na watu wakishanunua mashine kwa kufuata mapatano hayo, mapatano yenyewe huwa magumu kama chuma. Nadhani ndiyo njia nzuri ya kuyaelewa masafa ya VHF yote. Thamani yake haitokani na uhaba peke yake, kama tulivyozoea kusikia serikali zinapouza masafa ya simu. Inatokana na kwamba mashine nyingi mno, za watu wasiofahamiana, zinasikiliza mahali pamoja. Na ndiyo sababu ni vigumu kuyahamisha.

VHF ni masafa ya kuanzia 30 hadi 300 MHz, ambayo urefu wa wimbi lake ni mita 10 hadi mita 1. Mawimbi mafupi yaliyo chini yake, yale yaliyotuletea idhaa za Kiswahili za London na Cologne, hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. VHF kwa kawaida hulitoboa tabaka hilo na kupotelea angani. Kwa hiyo safari yake duniani huishia mbele kidogo tu ya upeo wa macho, na upeo hutegemea kimo. Hesabu yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, upate kilomita. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, kisha jumlisha. Mnara wa mita 100 unaona kilomita 41. Ndege iliyo mita 10,000 juu inaona kilomita 412. Mtu aliyesimama ufukweni na redio mkononi haoni hata kilomita 6.

Zipo siku ambazo hesabu hii huvunjika. Hewa yenye joto ikilala juu ya hewa baridi iliyoshikana na bahari, mawimbi hunaswa katikati na kusafiri mamia ya kilomita. Katika miaka ambayo jua lina madoa mengi, wapenzi wa redio wanaotumia 50 MHz huvuka ikweta ya sumaku jioni na kuongea na watu wa bara jingine. Lakini hizo ni hali za nadra. Mpangaji wa masafa huzijua, huziachia nafasi kidogo, kisha huendelea na kazi yake kwa kutegemea upeo.

Upeo huo ndio unaofanya kugawana kuwezekane. Masafa yale yale yanaweza kutumika Dar es Salaam na Mwanza siku moja bila mmoja kumsikia mwenzake. Kwa hiyo anayepewa masafa ya VHF hapewi namba tupu. Anapewa namba pamoja na mahali, kimo cha antena na nguvu ya mtambo. Ukibadilisha kimoja kati ya hivyo, umechukua eneo la mtu mwingine hata kama namba ni ile ile. Wenye vituo wanaopandisha antena bila ruhusa wanalijua hilo vizuri sana.

Mgawanyo wenyewe huanzia mbali. Mataifa yalikutana Berlin mwaka 1906 kuzungumzia telegrafu isiyo na waya. Mwaka 1927, mjini Washington, lilikubaliwa jedwali la kwanza la kuonyesha huduma gani ikae masafa gani. Mwaka 1947, Atlantic City, dunia iligawanywa katika kanda tatu, na mgawanyo huo unatumika hadi leo: Kanda ya 1 ina Afrika, Ulaya, nchi za Kiarabu na zilizokuwa za Kisovieti, Kanda ya 2 ni Amerika, Kanda ya 3 ni sehemu kubwa ya Asia pamoja na Pasifiki. Msimamizi ni ITU, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Geneva, na Kanuni zake za Redio ni mkataba wa kimataifa unaopitiwa upya kwenye mkutano wa dunia kila baada ya miaka mitatu au minne.

Jedwali hilo halitaji kituo wala kampuni. Linataja huduma: utangazaji, usafiri wa anga, usafiri wa baharini, mawasiliano ya nchi kavu, wapenzi wa redio, setilaiti. Pale ambapo huduma mbili zinakaa pamoja, moja inaweza kuwa ya msingi na nyingine ya pili. Ile ya pili haina haki ya kulalamika ikivurugwa na ya msingi, na ikiivuruga ya msingi lazima inyamaze. Baada ya jedwali huja mipango ya kanda, inayozipangia nchi nafasi zao, na mwishoni kabisa ndipo mamlaka ya nchi, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda, inapomwandikia mtu fulani leseni ya namba fulani kwenye mnara fulani.

Kwa redio za FM za Kanda ya 1 na baadhi ya nchi za Kanda ya 3, mpango ni ule wa Geneva wa mwaka 1984, unaopanga 87.5 hadi 108 MHz. Mwaka huo ni muhimu kuliko unavyoonekana. Wajumbe wa Afrika Mashariki walioketi Geneva 1984 walitoka katika nchi ambazo mtangazaji alikuwa mmoja, naye ni serikali. Dar es Salaam ilikuwa na Redio Tanzania (RTD), Zanzibar na sauti yake, Nairobi na Sauti ya Kenya (VoK). Walichohitaji ni mitandao michache ya taifa, yenye mitambo mikubwa juu ya milima, ili idhaa ifike vijijini. Miaka kumi haikupita, Sanyu ikafungua Kampala mwaka 1993. Nairobi ilipata Capital FM mwaka 1996. Milango ilipofunguka, kila mwekezaji alitaka mji mkuu, kwa sababu matangazo ya biashara yako huko. Mpango uliochorwa kwa ajili ya kumfikia mkulima wa mbali ukageuka uwanja wa kugombania wasikilizaji wa mjini.

Mjini hesabu inabana. Kati ya 87.5 na 108 kuna 20.5 MHz. Kituo cha FM cha stirio kinachukua zaidi ya 200 kHz, na vituo vinavyotumikia mji mmoja kwa kawaida hutenganishwa kwa 400 kHz ili redio ya bei nafuu iweze kuvibagua. Gawa, utapata kama vituo 50, na hapo hujawahesabu majirani walio ndani ya upeo. Kutoka Limuru mitambo huimwagia Nairobi matangazo, lakini kimo hicho hicho huyapeleka mawimbi hadi miji mingine ambayo nayo inataka vituo vyake. Dar es Salaam, iliyo tambarare, huangalia vilima vya Kisarawe kwa macho yale yale. Anayesema masafa ya FM yamekwisha nchini kwa kawaida anamaanisha yamekwisha juu ya vilima vitatu au vinne. Nenda wilaya za kusini mwa Tanzania uzungushe redio, utasikia mkwaruzo mrefu baina ya kituo na kituo.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye ukingo wa juu, palipoandikwa 108. Hapo hapo mtangazaji anapoishia, ndege inaanza. Kuanzia 108 hadi 117.975 MHz ni masafa ya kuongozea safari za ndege, yakiwemo ya mtambo unaomwonyesha rubani mstari wa katikati ya njia ya kutua. Mtambo wa uwanja wa ndege hutuma wati chache. Mtangazaji aliye kilomita chache kutoka hapo hutuma kilowati nyingi. Na hatari haitoki kwa kituo kimoja kila mara. Vituo viwili vyenye nguvu vikikutana ndani ya mashine isiyo na kinga ya kutosha huzaa masafa ya tatu. Chukua 106.1 mara mbili, toa 102.1, unapata 110.1, na hayo ni masafa halali ya mtambo wa kutulia ndege. Vituo vyote viwili vina leseni na havijakosea lolote, lakini rubani anasikia muziki pale alipotarajia ishara. Shirika la usafiri wa anga, ICAO, lilitaka vipokezi vya ndege viwe na kinga zaidi kuanzia 1998. Kinga hiyo inamlinda rubani dhidi ya vituo vinavyofuata leseni. Mtambo mbovu unaotema takataka nje ya masafa yake hauzuiliwi nayo, na hilo linahitaji mkaguzi mwenye kipimo, gari na mafuta.

Ukipanda juu zaidi, kati ya 117.975 na 137 MHz, ndipo marubani na waongoza ndege wanapozungumza. Mtu aliyezoea FM atashangaa: ndege bado zinatumia AM, mfumo ule wa redio za mbao za babu zetu. Sababu mojawapo ni uzee wa mashine. Sababu nyingine ni ya kiufundi. Katika FM, wawili wakiongea pamoja, mwenye nguvu humfunika mwenzake kabisa na msikilizaji hajui kama kulikuwa na mtu wa pili. Katika AM husikika mluzi, dalili kwamba sauti mbili zimegongana. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege ya KLM ilikuwa inaanza kukimbia wakati mwongoza ndege akiiambia isubiri, na sekunde zile zile rubani wa Pan Am akasema bado wako kwenye njia. Maneno yaligongana, na ndani ya KLM ukasikika mluzi. Boeing 747 mbili zikakutana, wakafa watu 583. Anayetetea AM husema angalau mluzi ulitoa onyo. Anayeipinga atasema onyo lisilobeba maneno halikutosha. Sioni namna ya kumshinda yeyote kati yao. Kilichobadilika baada ya hapo ni maneno: neno la kuruka siku hizi halitajwi redioni mpaka ruhusa yenyewe inapotolewa, au inapofutwa.

Masafa hayo yamepanuliwa kidogo tu; zaidi yamekatwakatwa. Nafasi ya chaneli moja ilikuwa 200 kHz, ikawa 100, ikawa 50, ikawa 25, na Ulaya, ambako ndege zimesongamana, sasa ni 8.33. Ndege mbili zilizo mita 10,000 juu zinaonana kwa redio zikiwa zaidi ya kilomita 800 mbali. Kwa hiyo masafa ya anga ya juu hayarudiwi ovyo, na Ulaya ingekwama bila kukata vipande vyembamba.

Kwetu shida ni ya upande wa pili: anga kubwa, minara michache. Juu ya Kongo rubani anaweza kumwita mwongoza ndege asijibiwe. Ndiyo maana marubani katika sehemu kubwa ya Afrika wana desturi, iliyoratibiwa na umoja wa mashirika ya ndege, ya kutangaza kwenye 126.9 MHz walipo, kimo chao na wanakoelekea, bila kumsemesha mtu maalumu. Yeyote aliye karibu anasikia na kujihesabu. Hakuna mnara, hakuna msimamizi. Kinachofanya kazi ni kwamba kila mmoja ameweka redio yake mahali hapo kabla ya kuhitaji.

Mkutano wa dunia wa ITU uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023 ulitoa nafasi kwa setilaiti kutumia masafa haya ya anga, ili rubani aliye juu ya bahari au msitu aongee na mwongoza ndege kupitia angani. Angalia nani aliyelazimika kubadilika. Ndege hazitafungwa redio mpya. Setilaiti ndiyo itakayopokea AM ya zamani kutoka kwenye redio zilizokwisha kufungwa. Aliyekuja mwisho amejifunza desturi za waliotangulia.

Nchi kavu VHF ina sura nyingine. Polisi, kampuni za ulinzi, hospitali, bandari na askari wa wanyamapori hutumia redio za upepo katika vipande vya kati ya 138 na 174 MHz, na hapa masafa yana mwenyewe: umelipia, hutaki mwingine aingie. Madereva wa watalii Serengeti na Masai Mara hupeana habari za duma kwa redio hizo, na mgeni hushangaa magari kumi na tano yakitokea ghafla mahali palipokuwa na moja. Simba nao wamo. Mradi wa utafiti wa simba wa Serengeti ulianza kuwavisha majike kola za VHF miaka ya 1980, mtafiti akizunguka na antena juu ya gari akisikiliza mlio uzidi kuwa mkali. Teknolojia ya setilaiti imekuja, lakini kola ya VHF ni nyepesi, betri yake hudumu, na mlio unamwongoza mtu hadi kwenye kichaka chenyewe.

Kilichoharibu utaratibu wa nchi kavu ni bei. Redio ya mkononi ya Baofeng kutoka China, inayogharimu chini ya simu ya kawaida, inafunguka kutoka 136 hadi 174 MHz. Mnunuzi asiyejua lolote ana uwezo wa kuongea kwenye masafa ya wapenzi wa redio, ya mlinzi, ya askari na ya meli, kwa kubonyeza namba tu. Zamani mamlaka ilidhibiti masafa kwa kudhibiti mashine, kwa kuwa mashine ilikuwa ghali na iliuzwa na watu wachache. Njia hiyo imefungwa. Leseni bado ina maana, lakini haina tena ukuta nyuma yake.

Msomaji anaweza kuuliza mbona masafa haya yote hayajanadiwa kama yale ya simu. Jibu la haraka ni antena. Kwenye 100 MHz robo ya wimbi ni sentimita 75, na hakuna anayetaka simu yenye mkia wa namna hiyo. Tena VHF nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni 270 MHz, nayo imekatwa vipande baina ya huduma zisizopatana. Jibu la pili ni lile la redio ya gari. Marekani iliihamisha FM mwaka 1945, kutoka 42–50 MHz hadi 88–108. Edwin Armstrong, mvumbuzi wa FM, aliona mamia ya maelfu ya redio zilizokwisha kununuliwa zikigeuka mapambo ya sebuleni, na utangazaji wa FM ukachukua miaka mingi kuinuka tena. Norway ilizima mitandao ya taifa ya FM mwaka 2017 na kuhamia redio ya dijitali kwenye masafa yaliyokuwa ya televisheni. Norway ina fedha, na hata hivyo vituo vidogo vya mitaa viliachwa FM.

Masafa hayo ya televisheni, 174 hadi 230 MHz, ndiyo kiporo cha VHF kwetu. Mpango wa Geneva wa 2006 uliweka Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda televisheni ya analojia, huku baadhi ya nchi zikiongezewa miaka mitano kwa upande wa VHF. Tanzania iliwahi mapema, ikianza kuzima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Ving'amuzi vikategemea zaidi UHF, na kipande hiki cha VHF kikawa na wenyeji wachache. Watu wa redio ya dijitali wanakitolea macho: FM ya mjini haina nafasi hata ya kituo kimoja cha ziada, lakini mtambo mmoja wa dijitali hubeba vituo zaidi ya kumi katika 1.7 MHz. Ningekuwa mshauri, nisingeharakisha. Redio ya dijitali haimo kwenye simu za bei nafuu za wasikilizaji wetu, na FM imo. Msikilizaji wa Songea hatanunua kipokezi kipya ili Dar es Salaam ipate nafasi.

Baharini ndiko VHF ilikokamilika zaidi, na ndiko tunakoitumia vibaya zaidi, yaani tunakosa kuitumia. Mkataba wa The Hague wa 1957 uliipa dunia chaneli za meli kuzunguka 156 hadi 162 MHz, na kuanzia hapo nahodha wa Kigiriki na mwongoza meli wa Mombasa waliweza kusemezana bila kuulizana mashine. Chaneli 16, yaani 156.800 MHz, ni ya kuitana na ya dharura. Unaita, unajibiwa, mnahamia chaneli nyingine, mnaiacha 16 tupu. Chaneli 70 haina sauti: ni ya kitufe chekundu kinachotuma namba ya chombo na mahali kilipo. Nguvu haizidi wati 25, na ukiwa bandarini unashuka hadi wati 1.

Chaneli ya wote ina ubaya wake. Januari 2008, katika Mlango wa Hormuz, boti za Iran zilizikaribia manowari za Marekani, na kwenye redio ikasikika sauti ya kutisha ikisema mtalipuka. Dunia ilishika roho. Baadaye Wamarekani wenyewe walikiri kwamba sauti hiyo huenda haikutoka kwenye zile boti. Mabaharia wa Ghuba wanamjua siku nyingi mtu, au watu, wanaoingia chaneli 16 kuchokoza. Mlango huo ni mpaka wa kanda za ITU, Oman ikiwa ya 1 na Iran ya 3, lakini chaneli ni moja, na sauti haina jina.

Dawa ya sehemu ilipatikana kwenye VHF hiyo hiyo. Mtambo wa AIS, uliolazimishwa kwa meli kubwa za safari za kimataifa hadi kufikia mwisho wa 2004, hutuma jina, mahali na mwelekeo wa chombo kwenye 161.975 na 162.025 MHz. Kila dakika imekatwa nafasi 2,250 katika kila moja ya masafa hayo mawili, na redio zenyewe hupangiana: kila moja husikiliza nafasi zilizo wazi, huchagua yake, hutangaza itakayotumia baadaye. Nahodha muongo anaweza kuuzima au kuudanganya. Hata hivyo, sijui mfano mzuri zaidi wa masafa yanayogawanywa bila mgawaji.

Sheria za kimataifa za usalama zinazigusa meli za abiria na za mizigo za tani 300 na zaidi katika safari za kimataifa. Mashua, madau na ngalawa za mwambao wetu hazimo. Wavuvi wa Kojani au Nungwi huenda na simu. Simu ni nzuri ikiwa mtandao upo, lakini minara ya simu imeelekezwa bara kwenye wateja, na hata ukipata mtandao unampigia mtu mmoja. Huyo naye ampigie mwingine, mpaka apatikane mwenye boti. Wakati huo meli ya mizigo inaweza kuwa inapita kilomita tano kutoka hapo, na 16 iko wazi kwenye daraja lake usiku kucha. Namba ya simu ya nahodha wake hakuna anayeijua. Chombo kinachozama hakimhitaji mtu fulani, kinamhitaji yeyote.

Wanaopinga husema redio ya mkononi haifiki mbali. Ni kweli kati ya ngalawa na ngalawa, ambapo hesabu ya upeo inatoa kilomita 8 hivi. Lakini upeo unahesabiwa kwa pande zote mbili. Amani, katika Usambara Mashariki nyuma ya Tanga, iko karibu mita 900 juu ya bahari. Kipeuo cha 900 ni 30, mara 4.12 ni kilomita 124. Ongeza 4 za mvuvi aliyeketi na redio mita moja juu ya maji, jumla 128. Kutoka Amani hadi pwani ya magharibi ya Pemba ni pungufu ya hapo, na kukiwa hakuna kilima kilichokingama, wati 5 za redio ya mkononi zinatosha kwa umbali huo. Mkondo wote wa Pemba ungeweza kusikika kutoka mlima mmoja, kwa masafa ambayo hayahitaji kuombwa Geneva wala kununuliwa kwa mtu. Gharama iliyobaki ni mtambo wa kupokea, umeme wake, na mishahara ya watu wa kushika zamu ya kusikiliza usiku na mchana.